Homa ya Jumamosi

Euless, Texas
Januari 2019

Kaka Bakari,

Shikamoo. Assalaam alaykum, wewe na wote waliomo humo ndani. Naomba barua hii ikukute umekaa kitini na si umejifunika blanketi. Mama hajambo? Goti lake linaendeleaje? Mimi naamka, nakula, naswali, nakwenda kazini. Miguu inauma kwa kusimama na usingizi hautoshi, lakini huo si ugonjwa. Ugonjwa niliupata majuma mawili yaliyopita, nao ndio ulionikalisha niandike.

Ujumbe wako wa sauti niliupata. Unasema malaria imekurudia, mara ya tatu tangu Mfungo Mosi, na kwamba safari hii ulitetemeka mpaka kitanda kikawa kinagonga ukuta. Kaka, mimi sidhani kuwa ni malaria. Nakueleza kwa karatasi kwa sababu ujumbe wangu wa sauti wa dakika nne uliujibu kabla dakika ya kwanza haijaisha. Karatasi huwezi kuikatiza. Anayekuletea ni Dada Rehema, nesi, Mzanzibari anayekaa Carrollton, mji wa jirani na huku. Anakuja Tanga kumtazama dada yake hapo Ngamiani. Utamkuta humu baruani pia.

Itabidi nianzie mbali, na mwanzo wenyewe unachekesha. Cheka, kisha endelea kusoma.

Kazi yangu unaijua: ghala la mizigo karibu na uwanja wa ndege, saa kumi kwa siku, kupanga maboksi. Mwenzangu wa kazi anaitwa Dwayne, mtu wa miraba minne, mzaliwa wa Houston. Mwaka juzi aliniona nanyoosha kinga ya bati ya mashine yetu ya kunyanyulia mizigo. Ilikuwa imebonyea, nami niliigonga kwa nyundo juu ya kipande cha gogo.

"Umejifunza wapi hiyo?"

"Kwa baba. Alikuwa fundi bati."

"Jumapili unafanya nini?"

"Nalala."

"Jumapili hii hulali," akasema.

Alinipeleka kwenye bustani moja ya Fort Worth. Nilikuta watu wazima kama arobaini wamevaa deraya, yaani nguo za chuma kuanzia kichwani hadi magotini, kama askari wa Ulaya wa zamani za ngao na panga. Mmoja ni mwalimu wa hesabu, mwingine anauza bima, mwanamke mmoja ni fundi wa meno. Wanapigana kwa fimbo za henzirani, zile zile za madrasa, ila nene kama mpini wa jembe na zimezungushiwa utepe. Wanapiga kweli. Hakuna kombe wala kiingilio. Na hakuna mwamuzi wa kusema nani kashindwa: aliyepigwa ndiye anayelipima pigo akiwa ndani ya chuma chake, na likiwa zito anaanguka mwenyewe na kutangaza kuwa amekufa. Nilisimama saa mbili nikingoja mtu adanganye. Nilimwona mmoja tu, na wenzake wakamzomea: "Jamani, hebu mvueni huyo kofia, masikio yake yamebaki ndani!"

Mimi pia nimevaa, mara tatu. Uzito hausumbui sana, maana unagawanyika mwilini. Kinachosumbua ni joto, harufu ya jasho la mwenye kofia, na kuona dunia kwa upenyo wa vidole viwili. Pigo la kichwani ni kama mtu kuigonga ndoo wakati wewe umo ndani yake. Mara ya tatu Dwayne alinipiga paja, nikaenda kazini wiki nzima nikichechemea. Nikaamua kuwa chuma nitatengeneza, kuvaa nawaachia wao.

Na kutengeneza naweza, Kaka. Kikombe cha kukinga kiwiko ni karai dogo tu. Unaweka bati juu ya gogo lililochimbwa shimo, unapiga, unazungusha, unapiga tena, mpaka linajaa. Wao wanajifunza kwa kutazama video na kupima kwa rula. Mimi nasikiliza mlio wa nyundo, kama tulivyofundishwa, nao wanadhani ni uganga. Kila Jumamosi niko gereji ya nyumbani kwa Dwayne, Fort Worth. Nachoka zaidi ya nilivyochoka kazini, lakini ni uchovu wa kazi ninayoijua.

Sasa kosa langu. Dwayne asingelifanya, kwa sababu hakulelewa na fundi bati.

Mwezi Machi watapiga kambi ya siku tatu upande wa Houston, na Dwayne alitaka mabega mapya ya deraya yake. Chuma anachonunua siku zote ni cheusi, kitupu, na kwa jasho lake kinashika kutu ndani ya wiki. Nikapata vipande vya bati la zinki kwa mtu anayefunga mabomba ya hewa majumbani. Unajua sisi bati la zinki tunalionaje. Ndilo bati. Nikamwambia Dwayne, "Haya mabega utayarithisha." Jumamosi niliyougua yeye alikuwa zamu kazini, akaniachia ufunguo wa gereji. Bati lilikuwa gumu kukunja, nikafanya alivyokuwa akifanya Baba na mabati mazee: nikalichoma kwa moto wa gesi mpaka likawa jekundu, ili lilainike. Upepo wa kaskazini ulikuwa unavuma, baridi ya kukata masikio. Mlango wa gereji nikaufunga.

Ukatoka moshi mweupe. Vinyuzi vyeupe vikaelea hewani kama sufi. Baada ya saa moja nikanywa maji, yakawa matamu mdomoni, utamu mbaya, kama mtu aliyelamba sarafu. Utamu huo naujua tangu utotoni, na wewe unaujua. Nikaendelea na kazi.

Saa kumi na mbili jioni, nikiwa nimesharudi Euless, baridi ikaniingia mifupani. Meno yakagongana. Kichwa, viungo, kifua kubana, homa. Nilijua ni nini bila kujiuliza. Nikafungua begi nililokuja nalo, nikatoa dawa ya mseto ambayo Mama alinifungia, imepitwa na muda miaka miwili, nikameza vidonge vinne. Kisha nikampigia Dada Rehema.

"Malaria?" akasema. "Euless hii? Mara ya mwisho umekwenda nyumbani lini?"

"Sijaenda. Mwaka wa tatu sasa."

"Basi huyo mbu kapanda ndege peke yake akakutafuta mpaka mlangoni. Umemeza nini?"

Nikamwambia.

"Yarabi! Nyinyi Watanga homa zote mwazipa jina moja. Usimeze tena kitu. Kunywa maji. Pumzi ikikubana zaidi usinipigie mimi, piga simu ya dharura. Asubuhi nakuja."

Alikuja asubuhi na mapema, akanipeleka kliniki iliyo wazi Jumapili, huku njia nzima akinigombeza. Nikamwomba daktari anipime malaria. Aliniuliza mara mbili kama nimesafiri, kisha akakubali, damu ikatolewa. Akaniuliza jana yake nilifanya kazi gani. Nilipotaja bati la zinki na moto, akaweka kalamu chini. Akasema mafundi wa kuchomelea wanaijua homa hii: ni moshi wa zinki. Inaanza saa chache baada ya kuuvuta, inafanana na malaria au mafua makali, na kwa kawaida inaondoka yenyewe baada ya siku moja au mbili. Majibu ya damu yakaja: hakuna malaria. Jumatatu mchana nilikuwa mzima.

Kazini Jumanne nikamweleza Dwayne.

"Umechoma zinki mlango ukiwa umefungwa?"

"Kulikuwa na baridi."

"Athumani, wewe ndiye fundi kati yetu!" Kisha akashusha sauti. "Baba yangu alichomelea meli Houston maisha yake yote. Wenyewe waliiita homa ya Jumatatu. Mwili unauzoea moshi katikati ya wiki, ukipumzika Jumamosi na Jumapili unasahau, ukirudi Jumatatu moshi unakupiga. Walikuwa wanakunywa maziwa, eti ndiyo dawa."

Hapo ndipo nilipokaa chini juu ya boksi.

Baba alikuwa akienda kukusanya mabati mazee siku ya Alhamisi. Ijumaa hakufungua karakana. Jumamosi aliwasha moto. Na Jumamosi jioni alikuwa anatetemeka, Mama anamfunika na kumpa maziwa, na sisi tunaambiwa tusipige kelele, Baba ana malaria. Jumatatu yuko kazini. Nimejaribu kukumbuka homa ya Baba iliyoanza Jumatano. Siikumbuki hata moja. Kama wewe unaikumbuka, niambie.

Kisha nikampigia Shemeji Zaina, usimkasirikie. Nilimuuliza mambo matatu. Je, Bakari alipimwa damu? Akasema hapana, mara zote tatu ulikwenda moja kwa moja duka la dawa. Ilimchukua siku ngapi kupona? Akasema siku mbili, na ulisifu sana dawa. Alikuwa na kazi gani? Akasema mara zote tatu ulikuwa umeanza kuchomelea mabomba ya zinki: uzio wa shule, tangi la msikiti, na geti la yule mwenye lori. Kazi za chuma cheusi hukuugua.

Hayo ndiyo niliyonayo. Sasa nisiyoyajua. Mimi si daktari. Tanga malaria ipo, na moja ya homa zako tatu huenda ilikuwa malaria kweli. Kwa hiyo sisemi kuwa usitumie dawa. Nasema usiitumie kabla ya kupimwa, na usikae na homa nyumbani kwa kuwa mdogo wako kaandika barua. Kuhusu Baba na kifua kilichomchukua, nilimuuliza daktari. Alisema hawezi kumsemea mtu ambaye hakumwona, hasa mtu aliyevuta moshi wa mkaa, wa rangi na wa sigara pia. Alisema homa ikipita imepita, lakini kuvuta moshi huo mwaka hadi mwaka si jambo la kupuuza. Zaidi ya hapo hakusema, nami siongezi.

Najua utakachosema. Utasema Baba alifanya miaka arobaini. Ndiyo, alifanya, na alipofika mwisho hakuweza kutoka kitandani mpaka mlangoni bila kupumzika. Sikwambii kuwa ni zinki. Nakwambia tu kwamba hoja ya miaka arobaini haikusaidii.

Nakuomba hivi. Kabla ya kuchomelea bomba la zinki, lisage kwa grainda mpaka chuma kionekane, upana wa kiganja kila upande wa kiungo. Vumbi lake nalo usilivute. Chomelea nje, upepo utoke mgongoni mwako, kichwa kisiwe juu ya moshi. Kitambaa ulichofunga puani kwenye ile picha uliyonitumia Idi, ukichomelea, hakizuii kitu. Rehema anakuletea barakoa mbili zenye machujio yake, zile za mafundi wa kuchomelea. Amekuandikia nyuma ya karatasi namna ya kuzivaa, na ndevu zitakubidi uzipunguze, zisipopungua hewa inapita pembeni. Najua hilo ndilo gumu kuliko yote.

Mabega ya Dwayne nimeyatupa. Alinung'unika, maana yalikuwa yamefika nusu na yalikuwa mazuri. Nayaanza upya kwa chuma cheusi, mlango wazi, nimevaa makoti mawili. Sijui kama yatawahi kambi. Kama hayakuwahi, atavaa yale mazee yenye kutu na atapigwa, basi.

Mama mwambie fedha za dawa ya goti nitatuma mwisho wa mwezi. Shemeji Zaina nisalimie, na umshukuru kwa kujibu ukweli. Msalimie Mjomba Shabani wa duka la misumari, na shangazi yetu Mwanaidi, aliyekuwa akitupa chai tukitoka karakana. Binti yako Salha, kama bado anasomea maabara, ndiye akutoboe kidole safari ijayo, siku ile ile ya homa, tena uandike ulichomelea nini siku hiyo. Nitumie picha ya majibu. Yakionyesha malaria, nitakubali nimekosea na nitakuomba radhi mbele ya Zaina.

Barua hii Mama atataka kusomewa. Msomee yote, mpaka chuma na fimbo na mimi kupigwa paja, atacheka. Pale nilipomtaja Baba, ruka. Alimfunika kila Jumamosi kwa mikono yake, na hakuna wa kumrudisha nyuma akafanye vingine.

Mdogo wako anayekutaka mzima,
Athumani