Geti Liko Juu ya Magunia

Baba watoto,

Chai iko kwenye chupa. Wafunge ndama kabla hujanawa hata uso, maana hatuna geti.

Usianze kufoka peke yako jikoni. Tangu breki ya mkono ife, si tunalifunga lori kwa mnyororo kwenye nguzo ya geti? Zamani nikisahau kuufungua, injini ilikohoa tu ikazimika, nikashuka nacheka. Leo nimesahau tena, na hii injini mpya kubwa uliyoifunga juzi haikukohoa wala nini! Nafika kwa fundi cherehani, watu wananipungia mikono. Nami nawapungia, nikidhani wanaisifia injini. Kumbe nyuma naburuta geti, nguzo na zege lake.

~~Nisamehe.~~ Breki ulisema utaitengeneza wewe.

Wamenisaidia kulipandisha geti kwenye lori, juu ya magunia ya mahindi. Nimerudi mbio kukuandikia tu. Lori nimeliwekea jiwe. Nikitoka sokoni nikute nguzo mpya imesimama.

Halafu jana, mbele ya shemeji, ulisema injini hii ina nguvu mno kwangu. Mimi nimeiweza, mume wangu. Iliyoshindwa ni nguzo yako.

Mama watoto, dereva