Bonde Lililochelewa Kutulia

Kisii, 4 Januari 1971

Ndugu yangu Bipin,

Salamu kutoka hapa barazani pa duka lenu, mimi na cherehani yangu bado tupo. Hujambo huko Los Angeles? Mimi mzima, mke wangu Nyaboke mzima, na mvua ya Kisii unaijua, haiombi ruhusa.

Mama yako hajambo, ila miguu inavimba. Tangu mzee wenu afariki analala peke yake juu ya duka. Jioni anateremka kukaa nami mpaka nifunge kazi nirudi nyumbani Kiogoro, na kila siku ananiuliza mwanawe anafanya kazi gani hasa. Nikisema unasomea matetemeko ya ardhi, anauliza kama ni wewe unayeyaleta. Hebu eleza kwa Kiswahili cha kueleweka, nimsomee. Na useme unakuja lini, maana miaka sita si mchezo. Anataka kukuona, bwana, ni hilo tu.

Nduguyo,
Mogaka


Los Angeles, 22 Januari 1971

Kaka Mogaka,

Barua yako niliisoma mlangoni hata koti sijavua. Afya ninayo. Mtu wa kuongea naye ndiye sina. Kiswahili naongea na kioo nikinyoa ndevu. Wewe na Nyaboke mwaendeleaje?

Mwambie Mama hivi. Mji huu umekaa ndani ya bakuli la mwamba, na bakuli limejaa mchanga na udongo laini ulioletwa na mito. Ardhi ikitikisika, kuna mawimbi yanayotambaa juu juu. Kwenye mwamba yanapita mbio. Yakiingia kwenye udongo laini yanapunguza mwendo, yanakuwa makubwa, yanagonga ukingo na kurudi. Ni kama uji: sufuria imeshatulia, uji bado unayumba. Kazi yangu ni kupima unayumba kwa muda gani. Siyaleti mimi! Nitakuja Aprili.

Nduguyo,
Bipin


Los Angeles, 12 Februari 1971

Kaka Mogaka,

Hamjambo nyote? Bila shaka mmesikia redioni habari za tetemeko la huku. Mimi mzima, ukuta wa chumba tu ndio umepasuka. Jumanne alfajiri mashine zetu za mlimani ziliandika mtikisiko mfupi, zikanyamaza. Za huku bondeni ziliendelea kuchora mawimbi mapana, polepole, mpaka nikadhani zimeharibika. Siku tatu nalala ofisini nikipima karatasi hizo. Watu wamekufa na mimi nafurahia karatasi. Naona aibu kukuambia.

Mwambie Mama niko hai. Aprili labda iwe Juni.

Nduguyo,
Bipin


Los Angeles, 25 Februari 1971

Kaka Mogaka,

Leo nisamehe, salamu sina. Telegramu yako, MAMA MGONJWA SANA NJOO, imenifikia juzi. Nimeelewa. Mwaka wa sitini na mbili ni mimi niliyetumwa posta kukuita kutoka Kericho, nikaandika mzee wako ni mgonjwa, na tayari alikuwa amefariki. Kwetu hakuna atumaye telegramu kwa ajili ya homa, na hakuna aandikaye kifo waziwazi, msafiri asije akaanguka njiani. Ahsante kwa kunistahi.

Sisi Wahindu maiti hatuiweki. Najua mlimchoma siku ileile, kwa hiyo nije kumwona nani? Nimenyoa kichwa, nimerudi kwenye karatasi zangu kwa sababu chumbani siwezi kukaa. Najua pia ni wewe uliyewasha moto badala yangu. Ahsante, ndugu yangu. Sina mtu mwingine sasa.

Nduguyo,
Bipin


Kisii, 8 Machi 1971

Bipin,

Natumai u mzima. Mimi si mzima.

Nilipotuma ile telegramu Mama alikuwa hai. Niliandika mgonjwa kwa sababu alikuwa mgonjwa. Daktari alisema moyo umechoka, labda wiki mbili, basi nikakimbilia posta. Ulipokaa kimya nilijua uko ndegeni. Praful wa duka la jirani alikwenda kukungoja uwanja wa ndege wa Kisumu mara mbili. Mama mwenyewe alikuwa akikutetea. Aliniambia, “Udongo wa huko ni laini, haujatulia bado. Ukitulia atakuja.”

Barua yako ilifika Ijumaa mchana. Akaiona stempu, akataka nimsomee. Nikasoma kimoyomoyo mpaka pale unaponishukuru kwa moto. Nikamwambia umeandika kwamba uko njiani, kesho uko hapa. Akampa Nyaboke funguo za kabati atoe shuka mpya, atandike kitanda chako, naye Mama akalala akikitazama. Alifariki jioni hiyo.

Watu wa kwetu walisimama mbali, hawajawahi kuona Mkisii akichoma mtu. Moto niliuwasha mimi Jumamosi, siku tisa baada ya wewe kunishukuru.

Kitanda sijakitandua. Niambie nifanye nini.

Nduguyo,
Mogaka