Ukuta Kati ya Vyumba vya Boila

Bandari fulani, Ulaya
9 Juni 1917

Baba mpendwa,

Natumaini wewe na Mama hamjambo, na nyonga ya Mama imetulia. Mimi mzima, ila macho ni mekundu kwa vumbi la makaa. Afisa husoma barua zetu kabla hazijatumwa, kwa hiyo mahali tulipo sipataji.

Uliniomba nikuandikie manowari yako Averill imetembea wapi tangu mlipoiunda. Ya zamani nimeyanakili kwenye kumbukumbu za meli, ya karibuni yamo katika daftari langu. Ilishushwa majini Aprili 1909. Mwaka 1914 ilikaa miezi mitatu pwani ya Meksiko bila kupiga mzinga hata mmoja. Mwezi uliopita tulivuka Atlantiki kwa siku kumi, na sasa tunasindikiza meli za chakula na kuwinda nyambizi.

Juzi nilikuwa nakwangua kutu kwenye ukuta unaotenga vyumba viwili vya boila, nikaona alama yako ya mkia wa samaki kwenye kichwa cha ribiti ya mwisho, katika safu ya chini inayobana mabamba. Niliwaita wenzangu waione. Corliss, ambaye hulisha tanuri pamoja nami, akasema, "Vizuri, Wendell. Siku ukuta wa mzee ukivuja, tunakuchomeka wewe kwenye tundu."

Mwanao,
Wendell

Kennard, Maine
2 Julai 1917

Mwanangu Wendell,

Salamu za nyumbani. Mama yako anatembea bila mkongojo na maharage yameota. Barua yako nimeisoma mara nne. Hii ninayokujibu sijamsomea.

Safu ile ya chini ina ribiti ishirini na mbili. Tulizipiga Januari, baridi kali mpaka tanuri la kuzichomea haliwaki sawasawa. Zilitufikia zimepoa, tukazipiga hivyo hivyo, maana msimamizi alitaka ukuta uishe Jumamosi. Ribiti ikipigwa imepoa haibani. Mkaguzi hugonga kila kichwa kwa nyundo ndogo na kusikiliza. Iliyolegea hulia butu kama ubao. Kabla hajaja nilipitisha patasi kwenye kingo za vichwa vyote ili zigandamane na bamba, vikalia vizuri. Sisi huita kuidanganya nyundo. Kisha nikagonga chapa yangu ya mkia wa samaki mwisho wa safu, kama afanyavyo kila kiongozi wa kundi.

Maji yakiusukuma ukuta ule kwa upande mmoja, hautashika. Mwambie mkubwa wako. Jina langu mtajie.

Babako

Bandari ile ile
30 Julai 1917

Baba mpendwa,

Mimi mzima. Barua yako nimempa mhandisi mkuu. Aliisoma amesimama, akauliza, "Babako hunywa?" Nikamjibu wewe ni shemasi wa Wabaptisti. Akachukua nyundo, akagonga safu yote. "Mbona zinalia vizuri?" Nikamwambia, ndiyo shida yenyewe, bwana.

Nafasi ya matengenezo hatupati mpaka mwakani, kwa hiyo ametupa maboriti ya mwaloni tuuegemeze ukuta. Corliss analalamika yanamgonga magoti kila akichota makaa.

Mwanao,
Wendell

Bandari ile ile
14 Desemba 1917

Baba mpendwa,

Usishtuke kwa mwandiko huu. Mkono wa kulia umeungua kidogo tu.

Tarehe 6, saa tatu asubuhi, katika ukungu, meli ya mizigo ya msafara wetu ilitugonga ubavuni, kwenye chumba cha kwanza cha boila. Kilijaa kwa dakika nne. Wenzetu Stack na Lund walikuwa ndani, hawakutoka. Mimi na Corliss tulikuwa chumba cha pili, nyuma ya ukuta. Ribiti kumi na tisa zilifyatuka, ukuta ukatuna kama shavu. Maboriti yalilia, yakashika. Tulipiga pampu mpaka tukavutwa bandarini. Tuko hai watu themanini na sita.

Corliss anakusalimu. Anasema nikuulize, "Mzee, kuna ukuta mwingine?" Anatania, lakini nadhani anataka jibu.

Mwanao,
Wendell

Filadelfia
21 Julai 1919

Baba mpendwa,

Natumaini hamjambo wote. Averill imemaliza kazi. Ilirudi majini Machi 1918 na ribiti mpya, ikasindikiza misafara thelathini na mmoja, ikarudi nyumbani Januari mwaka huu. Jana bendera iliteremshwa. Inangoja mnunuzi wa chuma chakavu.

Tangu Desemba ile umeniandikia barua kumi na nne. Umenieleza theluji, nyonga ya Mama na ng'ombe wa jirani. Corliss hukumjibu. Yuko kwao Ohio sasa, na bado ananiuliza.

Mwanao,
Wendell

Kennard, Maine
4 Agosti 1919

Mwanangu Wendell,

Natumaini barua hii inakukuta mzima. Sisi afya tunayo.

Mwambie Corliss ukuta mwingine upo. Mmoja, katika meli tuliyoishusha 1912. Nilikuwa najiambia vita vikiisha itauzwa kama yenu na hakuna atakayejua. Wiki iliyopita gazeti limesema inapelekwa Pasifiki, na watu tisini ndani.

Ijumaa nilikwenda ofisi ya kiwanda, nikawatajia meli, ukuta na safu. Msimamizi akasema, "Alden, miaka saba yote, leo ndiyo umekumbuka?" Nikamjibu sikuwahi kusahau. Walituma telegramu kwa jeshi la maji nikiwa nimekaa pale pale. Kisha wakanitaka niiache chapa yangu mezani. Nikaiacha.

Leo Jumatatu king'ora cha kiwanda kimelia, nikaamka kwa mazoea, nikavaa buti, ndipo nikakumbuka. Nimekaa jikoni nakuandikia. Mama yako ameniuliza mara mbili mbona sijaondoka. Nikishafunga bahasha hii nitamweleza.

Babako