Namba ya Mume Wako

Kwa dada yangu Jyldyz,

Salamu nyingi zikufikie wewe na watoto. Mguu wa mama unaendeleaje? Mimi mzima, ila vidole vimekufa ganzi. Huku Yakutia mate huganda kabla hayajafika chini.

Elebes mumeo alikuwa akinifundisha kuchomelea mabomba, hukuhuku nje. Kila siku alinikaripia: "Shemeji, chuma baridi kinadanganya! Kipashe moto kwanza. Na rodi za kuchomelea zitoke kwenye tanuri, kavu, mojamoja." Lakini tanuri iko mbali, na kila nikienda, msimamizi Gennady hupiga kelele kwamba mtoto wa mama amekwenda tena kuota moto. Basi rodi nikazitia kifuani, ndani ya koti, kama tunavyomfanyia mwanakondoo aliyezaliwa thelujini. Nilijiona mjanja. Kumbe jasho langu lilizilowanisha, na rodi yenye unyevu huacha kiungo kinachopasuka.

Jumanne nilichomelea sikio la kunyanyulia bomba, kile kipande cha chuma kinachoshikwa na ndoano. Kwa macho lilipendeza. Bomba lilipokuwa juu, sikio likapasuka kwa mlio wa bunduki, na bomba likamwangukia miguuni mdogo wake Gennady. Miguu hiyo sitakuandikia ilivyokuwa.

Mwanafunzi hana namba, dada. Kazi yake hugongwa namba ya mwalimu. Gennady alifuta theluji kwenye chuma, akasoma kumi na saba. Ya Elebes.

Yeye na watu wake walimwangusha Elebes, wakampiga kwa mabuti na vyuma mpaka theluji ikawa nyekundu. Alinitazama mara moja tu. Hakunitaja. Ndipo Gennady akanigeukia: "Na wewe, mchunga kondoo, uko upande gani? Au mnalindana?"

Ukweli ni huu. Taya la mumeo nililivunja mimi, kwa nyundo. Wenyewe walikuwa wameshaanza kuchoka.

Kesho wanamrudisha nyumbani, amefukuzwa na namba yake imefutwa. Hawezi kusema, na angeweza asingekuambia. Barua hii nimempa dereva. Wasomee wazee kwa sauti, kabla hawajamuuliza alikosea nini.

Gari likishaondoka nitakwenda kwa Gennady kumwambia rodi zilikuwa za nani. Mkikaa muda mrefu bila habari zangu, msitume mtu kunitafuta.

Wabusu watoto. Mama mwambie nakula vizuri.

Ndugu yako,
Omurzak