Kanuni Yangu ya Kwanza

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi sijambo, na mama hajambo pia. Mdogo wangu ameng'oka jino la mbele, sasa anachekacheka ovyo ili kila mtu amwone. Wewe na wachomeleaji wenzako huko darajani mnaendeleaje? Macho yameacha kuuma? Mama anasema miwani ya kazi ni ya kuvaa, si ya kuning'iniza shingoni.

Baba, nina habari njema. Kumbukumbu za shule yetu siku hizi hutunzwa kwenye kompyuta za kukodi zilizo mbali, zile zinazoitwa wingu. Kila mwalimu anaweza kuanzisha hifadhi yake humo kwa dakika moja, basi hifadhi zikazaana kama sungura, na hakuna aliyejua ipi ni ya nani wala ipi imeachwa wazi. Mwalimu wetu wa kompyuta tunamwita Nenosiri, kwa sababu hata kabla ya salamu hukuuliza kama umebadilisha lako. Yeye ndiye aliyeipa klabu yetu ya kompyuta kazi ya kuandika kanuni ambazo wingu lenyewe litazisimamia, bila mtu kuzunguka akikagua.

Ya kwanza nimeiandika mimi! Ni mistari kumi na mmoja tu. Inasema hifadhi yoyote yenye habari za wanafunzi isifunguliwe kwa watu wa nje. Nenosiri aliisoma mara mbili, akasema haina hata koma ya kuongeza. Wenzangu walinitania wiki nzima, wakaniita Askari wa Wingu na kuniuliza leo nitamkamata nani, mvua au radi. Nilicheka nao, ila nilitembea kama niliyemeza fimbo.

Kanuni mpya haianzi kuzuia siku hiyohiyo. Kwanza huachwa wiki moja ionye tu, tujue ingewagusa akina nani kabla ya kumkwamishia mtu kazi yake. Ijumaa Nenosiri alifungua ripoti mbele yetu. Hifadhi thelathini na nane zilikuwa salama. Moja, ya maonyesho ya sayansi, ilikuwa wazi kwa dunia nzima kwa siku ishirini na mbili, na humo, pamoja na picha, mlikuwa na orodha ya wanafunzi, simu za wazazi wao na magonjwa yao.

Wote wakamgeukia msichana tunayemwita Twiga, kwa kuwa ndiye aliyepakia zile picha. Mmoja akasema shingo yote ile na bado haoni mbele. Twiga akaapa kwamba hakufungua kitu. Nenosiri akasema aliyefanya hivyo atanyang'anywa ruhusa ya kuingia kwenye wingu, na Twiga akaanza kulia.

Baba, aliyeifungua ni mimi. Ulipokosa kuja kwenye maonyesho nilitaka sana uone daraja langu la vijiti, ndiyo maana nikakutumia kile kiungo cha mtandaoni. Nilidhani nimefungua picha moja, kumbe nimefungua hifadhi nzima. Na kuna baya zaidi. Alhamisi niliiona ripoti kabla ya wenzangu, nikaongeza kwenye kanuni yangu mstari wa kuifanya iiruke hifadhi hiyo. Niliutazama mpaka kengele ikalia, nikaufuta, lakini sikumwambia mtu. Ijumaa ile, Twiga akilia, nilisimama, nikasema yote, hata habari za ule mstari, nikamwomba Twiga radhi.

Nenosiri hakufoka. Alisema ruhusa yangu imeondolewa hadi mwisho wa muhula, na kazi yangu ya kusimamia kanuni itakuwa ya Twiga, lakini kabla sijaikabidhi, niiondoe kanuni kwenye kuonya niiweke kwenye kuzuia. Nilibonyeza mwenyewe. Jumatatu wazazi waliandikiwa, na mwalimu mkuu akatangaza kwamba kanuni hiyo italinda hifadhi zote za shule. Alitaja aliyeiandika, akataja na aliyeivunja. Nilisikia aibu, Baba, ila sikuinamisha kichwa.

Kwa hiyo kile kiungo hakifunguki tena. Ulisema uliwaonyesha wenzako. Tafadhali, wafute chochote walichokipakua, nawe ufute. Picha ya daraja nimeichapisha, imo ndani ya bahasha hii. Itazame kwa jicho la fundi, uniambie kama lingebeba mtu.

Mama anakusalimu sana, na mdogo wangu anataka ujue habari za jino. Nijibu hata kama umekasirika.

Akupendaye,
Binti yako mkubwa