Nafasi Unayonishikia

Ghorofa ya tatu, mlango wa mwisho
Jumapili, 9 Juni
Mwaka wa thelathini na nane tangu niondoke

Mpendwa Chiriku, mdogo wangu,

Hujambo? Goti je, bado linagombana na ngazi? Na sauti yako ikoje, maana nyumba hiyo bila kelele zako siwezi hata kuiwaza. Mimi sijambo. Vidonge navimeza, moyo unadunda kwa ratiba yake wenyewe, na daktari amechoka kunikaripia.

Juzi mwanao alinipigia simu. Mtoto wake mchanga alikuwa analia, na televisheni nayo inanguruma. Nikamwuliza kwa nini hawamwondoi hapo sebuleni.

"Tumpeleke wapi, mjomba? Chumba kilichobaki ni chako, na mama leo kakipiga deki tena."

Nikakusikia kwa mbali: "Mwache mjomba wako! Akija atalala wapi, juu ya kabati?"

Nilicheka sana. Baada ya kukata simu, kicheko kiliniishia.

Miaka yote umewaambia majirani kwamba kaka yako ni rubani, nami sikukukatalia, maana ulikuwa unafurahi. Rubani sikuwa. Nilikuwa napanga foleni ya ndege zinazokuja kutua. Kila ndege ina saa yake ya kufika, lakini upepo haujali. Moja inawahi, nyingine inachelewa. Ukizibananisha, iliyotua ikikawia kidogo kuondoka kwenye njia ya kutulia, ya nyuma yake inalazimika kupaa tena. Ukizitenga mno, zilizo juu zinazunguka bure zikichoma mafuta. Basi unaacha nafasi katikati, na kazi yote ni kujua uache kubwa kiasi gani, na uishike mpaka lini.

Mkuu wetu tulimwita Mama Huenda, kwa sababu hakupata kutaja saa bila neno hilo. Siku moja ya dhoruba, nikiwa bado mgeni kazini, niliishikia nafasi ndege iliyokwama nyuma ya mawingu. Nikaisogeza nafasi ile mbele, nikaisogeza tena. Mama Huenda akaja kusimama nyuma ya kiti changu.

"Unamwekea nani?"

"Yule wa mawinguni, mama."

"Kasema anakuja?"

"Kasema atajitahidi."

"Na hawa wanaozunguka, wachome kujitahidi kwake badala ya mafuta? Mpe jibu sasa, angali anaweza kwenda kwingine."

Nilimpa. Akatua uwanja mwingine. Abiria walinuna, lakini walishuka wote wazima.

Chiriku, kila ulipouliza narudi lini nilikujibu mwakani, na kila mara nilikuwa najitahidi kwelikweli. Sasa daktari hataki hata kusikia habari ya mimi kupanda ndege. Mimi niliyezipokea maisha yangu yote! Na hata angeruhusu, wifi yako amelala huku, na asubuhi za Jumapili namwagilia maua ya kaburi lake. Nikitoka hapo nakunywa chai kwa jirani, ambaye hucheza karata kwa wizi wa wazi. Usinihurumie. Nilitua salama, ila si hapo ulipokuwa ukinitazamia.

Najua umekitunza chumba hicho kwa upendo, na deki zote hizo nimezihesabu kuwa ni salamu. Lakini mwanao analala kwenye kochi na kichanga kifuani kwa ajili yangu, na hilo linaninyima raha.

Kitanda kitoeni. Vitabu bakini navyo, mtoto atakuja kuvichana na baadaye kuvisoma. Koti lililo nyuma ya mlango mpe shemeji. Litamtosha akikubali kutolifunga vifungo. Nisalimie yeye, mpwa wangu, na fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara kama bado ananikumbuka. Mungu awajalie usingizi mtamu nyote, kuanzia huyo mdogo kabisa.

Sitarudi, mdogo wangu. Fungua dirisha la chumba, mlaze mtoto.

Ni mimi kaka yako, ninayekupenda nikiwa huku huku.