Mstari wa Bluu Ukutani

Jumatatu, 2 Septemba

Itangazwe kwa mji wote wa Baraka, kwa milima ya nyuma na ziwa la mbele: leo mchana, bila ngoma wala hotuba, nimevalishwa jile, kile kizibao cha kazi. Ya rangi ya machungwa, na utepe unaong'aa kifuani. Inanibana makwapa. Mke wangu ameitazama mbele na nyuma, akauliza kama inakinga mvua. Haikingi.

Mimi ni mchora vibao. Saluni, makanisa, majina ya mitumbwi. Hakuna aliyenifundisha. Sasa mradi wa mji umenichukua. Kuna mfadhili wa mbali atakayelipia mtaro mmoja mkubwa wa mawe, wa kutoa maji ya mlima mpaka ziwani. Mmoja tu. Mitaa miwili inaugombea: wetu hapa bondeni, na ule wa juu, kando ya barabara ya Fizi. Napita nyumba kwa nyumba, nauliza mafuriko ya mwisho yalifika wapi, nachora mstari wa bluu hapo ukutani. Injinia anapima mistari. Mistari inakwenda kwenye ramani, ramani inakwenda kwa mfadhili. Mtaa wa juu una mchoraji wake.

Niandike wazi, maana hapa hakuna wa kumdanganya. Ukuta wetu wa nyuma ni wa matofali mabichi. Umeanguka misimu miwili ya mvua mfululizo. Mke wangu amesema msimu huu maji yakiingia tena anachukua watoto, anapanda kwa kaka yake Fizi, na harudi. Hatanii. Huo mtaro ndio ndoa yangu.

Jumatano, 4 Septemba

Nyumba ya kwanza: Mama Sifa, mjane, anakaanga mikate mbele ya mlango. Maji yalimfikia gotini. Nilikuwepo. Nilichuchumaa kuweka mstari. Akanishika jile kwa nyuma.

"Papa Asende, juu."

"Mama Sifa, ilifika hapa. Kitanda yako tulibeba mi na we."

"Weka kwa kifua. We unafanya kazi ya maji ao ya bantu ba hapa?"

Majirani wakacheka. Nikaweka kifuani.

Simlaumu. Hapa watu wameandikwa na kila anayeshuka kwenye gari lenye antena. Vita, kipindupindu, moto, maji. Tumesoma shule moja tu, ya orodha: nyumba iliyoharibika nusu inapewa pole, iliyoharibika yote inapewa bashi, turubai la kuezekea. Mtu anayesema "kwangu maji yalikuwa kidogo" hajawahi kupewa hata sabuni.

Alhamisi, 5 Septemba

Maji ya mtaa wetu yamejifunza kupanda ngazi. Asubuhi kifuani, saa sita mabegani, jioni juu ya madirisha. Nyumba mbili zinagusana. Kwa moja maji yalifika kiunoni, kwa nyingine kwenye paa. Ukuta ni mmoja.

Mzee katekista peke yake alikataa. Kifundo cha mguu, akasema, weka kifundo cha mguu. Majirani wakamuuliza kama amepewa chakula na mtaa wa juu. Nilimwekea kifundo. Niliporudi kuchukua kopo la rangi, mkwe wake alinisihi. Sasa ana kiuno.

Mwisho nyumba yangu. Kweli ni goti. Nilisimama na brashi muda mrefu kwa mtu anayejua jibu. Nikachora shingoni. Mstari umenyooka vizuri sana.

Jumamosi, 7 Septemba

Injinia Noella amekuja kupima. Ametoka Bukavu, kijana, viatu vya mpira, haogopi tope. Watu walisimama kila mmoja kando ya mstari wake, nyuso za msiba. Chefu wa mtaa, Papa Wilondja, alijitahidi mpaka akatoa kitambaa cha kufutia machozi.

Injinia alipima, akaandika. Kisha akanivuta kando.

"Papa, hii mistari ni ya kweli?"

Nyuma yake mtaa mzima ulikuwa unanitazama.

Nikasema ndiyo.

Jumapili, 22 Septemba

Mchungaji ameshukuru kwa ajili ya mtaro ambao bado ni karatasi. Papa Wilondja anatembea akionyesha kwa fimbo utakapopita. Mke wangu ameotesha lengalenga nyuma ya nyumba. Mtu anayepanga kuhama haoteshi mboga. Nimefurahi kama mjinga.

Jumanne, 8 Oktoba

Mkutano. Ukumbi umejaa, wengine madirishani. Injinia akawasha mashine, ramani ya mji ikatokea ukutani. Mtaa wa juu: njano. Wetu: nyekundu yote, kutoka barabarani hadi ziwani.

Tukapiga makofi. Niandike hilo, nisije nikajidanganya baadaye. Mama Sifa alipiga kigelegele. Tulidhani tumeshinda.

Injinia alisubiri tunyamaze. Alikuwa mwekundu machoni. Akaeleza kwa Kiswahili chepesi, polepole, kama daktari. Njano ni mahali ambapo mtaro unaweza kuokoa. Nyekundu ni mahali ambapo maji yanafika kifuani mwa mtu mzima au zaidi. Hakuna mtaro wa kuyazuia, na mfadhili haweki mawe yake mahali ambapo watu hawapaswi kuishi. Mtaro unajengwa juu. Kwetu ni marufuku kujenga, hata kurudishia ukuta ulioanguka. Tutahimizwa kuhama. Wapi? Hiyo ni awamu nyingine, haijapata pesa.

Halafu katekista akauliza swali la mwisho, kwa adabu: mtaro wa juu utamwaga maji wapi?

Injinia akaweka kidole kwenye nyekundu, kwetu.

Nimeuliza kwa nini mtaa wa juu ulikuwa na mistari ya chini hivyo. Mchoraji wao alipita siku ya soko. Wakubwa hawakuwepo. Watoto ndio walioonyesha, na watoto walionyesha maji yalipofika.

Jumatano, 9 Oktoba

Nimekwenda kwa Injinia nikiwa na jile mkononi. Nikasema yote: goti, kifua, shingo, katekista. Aliandika mistari miwili kisha akaacha kalamu.

Akasema alishuka hapa akijua maji hayapandi ukuta mmoja kwa vimo viwili. Ndiyo sababu aliniuliza. Alitaka mtu mmoja wa mtaa aseme hapana, apate pa kushikia. "Na we ulisema ndiyo, Papa."

Ripoti imetiwa saini, imekwenda. Pesa ya kupima ni ya mara moja. Na mfadhili akisikia kwamba mistari ya Baraka ni ya uongo, hatachambua ya bondeni na ya juu. Atafunga faili. Mji wote utakosa.

"Niandike?" akauliza.

Nilifikiria wale watoto wa juu waliosema kweli.

Nikasema usiandike.

Alhamisi, 10 Oktoba

Sikutoka. Sijamwambia mtu nilikokwenda. Mke wangu hajauliza. Hilo ni baya zaidi.

Jumamosi, 19 Oktoba

Mvua tangu alfajiri. Saa nne maji yakaingia, ya kahawia, na majani ya mihogo ya watu. Yakafika gotini. Yakakaa hapo.

Tulitoka wote, tukasimama ndani yake. Kila mtu chini ya mstari wake wa bluu, nusu ya ukuta kavu katikati. Hakuna aliyecheka, na sisi ni watu wa kucheka. Mama Sifa alikuwa na karai kichwani.

"Papa Asende," akasema, si kwa hasira, "mi ni muntu wa kuomba. We ulikuwa na brashi. Ungetukatalia."

Maneno yake nimeyaandika kama alivyoyasema.

Ukuta wa nyuma umelala juu ya lengalenga.

Jumatatu, 21 Oktoba

Mke wangu na watoto wameondoka na pikipiki mbili, saa mbili asubuhi. Mkubwa mbele, mdogo mgongoni mwa mama, masufuria nyuma. Alinikumbusha dawa yangu ya tumbo iko wapi. Hakutukana. Ningependa angetukana.

Jumatatu, 4 Novemba

Hali ya hewa nzuri. Ziwa limetulia. Nimekula mihogo na dagaa, nimepika mwenyewe, chumvi nyingi.

Mtaa wa juu wanaandika wafanyakazi wa kuchimba mtaro. Wanachukua watu wa mitaa yote. Nilimkuta Papa Wilondja kwenye mstari wa kujiandikisha, na mkwe wa katekista, na karibu wanaume wote wa bondeni. Tulisalimiana. Nimeandikisha jina.

Kazi inaanza kesho saa moja. Beleshi kila mtu anakuja na yake.